Simu, Redio au Mwalimu? Hesabu ya Kujifunza Lugha Nyalenda

Hapa Nyalenda, mjini Kisumu, hakuna anayejifunza lugha kwa kupitisha wakati. Muuguzi aliyemaliza chuo na bado hajapata kazi anataka Kijerumani, kwa sababu tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mkataba wa kuhama kwa wafanyakazi, na tangu hapo hata mama anayekaanga samaki kando ya Ring Road anaweza kukueleza tofauti ya viwango vya A1 na B2. Msichana anayejiandaa kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani anataka Kiarabu cha jikoni na kingine cha kujitetea. Kijana wa kazi za mtandaoni anataka Kiingereza kisichomkwamisha katikati ya mahojiano. Naye mzazi aliyehamia hapa kutoka Siaya au Homa Bay anamsemesha mwanawe Dholuo, mtoto anajibu kwa Sheng, na mzazi anajiuliza itakuwaje likizo ikifika wakaenda ushago kwa nyanya.

Wote hawa huambiwa neno moja: pakua programu, ni bure. Ni bure kama maji ya ziwa yalivyo bure. Gharama iko katika kuyafikisha nyumbani yakiwa yananyweka. Tuifanye basi hesabu hiyo ya kufikisha, tukianzia na jaribio ambalo wengi wetu hatukumbuki kwamba lilifanyiwa hapa hapa kwetu.

Mwaka 2013, mpango wa kusoma na hesabu ulioitwa PRIMR, uliokuwa chini ya Wizara ya Elimu pamoja na shirika la RTI International, uligawa baadhi ya shule za msingi za Kaunti ya Kisumu katika makundi. Katika kundi moja wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali. Katika lingine walimu ndio waliopewa tableti. Katika la tatu tableti zilikwenda kwa maofisa wanaozunguka shuleni, wanaokaa nyuma ya darasa, wanamtazama mwalimu akifundisha kisha wanamshauri. Kundi la nne liliachwa kama lilivyokuwa. Halafu watoto wakapimwa kusoma, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na Benjamin Piper na wenzake. Makundi yote matatu yaliyosaidiwa yaliwapita wale ambao hawakupata kitu, lakini baina yao wenyewe hapakuonekana tofauti ya maana. Kifaa katika mikono ya kila mtoto, ambacho ndicho kilichokula fedha nyingi, hakikuzaa zaidi ya tableti moja ya ofisa anayehudumia shule kadhaa. Serikali ilipoanzisha Tusome kote nchini mwaka 2015, tableti walipewa maofisa wa mitaala, na mtoto akapewa kitabu cha karatasi.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: shilingi inayomletea mwanafunzi mtu wa kumsahihisha hufanya kazi kuliko shilingi inayomwongezea skrini. Nimeipima kanuni hiyo kwenye kila kitu kinachouzwa mtaani kwa jina la kujifunza lugha, kuanzia simu hadi ada ya mtihani, na sijaona mahali inapoanguka.

Tuanze na simu, maana bila hiyo mengi ya yanayofuata hayawezekani. Mwishoni mwa mwaka 2023 simu za 4G zilizounganishwa Athi River zilizinduliwa: Neon Smarta kwa shilingi 7,499 na Neon Ultra kwa 8,999. Kwa kusikiliza, kusoma, kurekodi sauti na kutazama somo la video, simu ya kiwango hicho inatosha kabisa. Usikubali kuambiwa kwamba Kijerumani kinahitaji kamera tatu. Vitu vya kuangalia ni viwili: nafasi ya kuhifadhi mafaili, kwa sababu utapakua mengi, na kipaza sauti kinachosikika vizuri, kwa sababu utarekodi sauti yako. Ukinunua ya mkono wa pili, rekodi sauti yako palepale mbele ya muuzaji, isikilize, ndipo utoe pesa.

Wengi wetu lakini hatuna 7,499 mkononi kwa mpigo, kwa hiyo tunachukua simu ya kulipia kila siku. Mpango huu umewafikisha watu wengi kwenye intaneti na siubezi. Ila uupige hesabu kabla ya kutia kidole gumba. Tuseme unatoa 2,500 za mwanzo, kisha 50 kila siku kwa siku 365. Hizo 50 peke yake ni 18,250. Ukijumlisha na za mwanzo umelipa 20,750. Ukiweza kuvumilia miezi mitano ukiweka hizo hizo 50 kwa siku kwenye chama au M-Pesa, utapata 7,500 na kununua simu ya bei ya chini kwa pesa taslimu, bila ya mtu kukufungia simu siku biashara inapolala. Kwa mwanafunzi wa lugha kufungiwa ni hasara mara mbili, maana deni linabaki palepale na zoezi la kila siku linakatika. Anayejifunza lugha akikatiza wiki mbili hurudi nyuma sana.

Sasa bando. Hapa ndipo pesa za mwanafunzi huvuja bila yeye kuona, na hapa nitakaa kidogo.

Somo la video likiwa katika ubora wa 360p hula takriban MB 300 kwa saa. Ukiliacha lijichagulie ubora lenyewe, likapanda hadi 720p, linapita GB 1 kwa saa hiyo hiyo. Sauti tupu, kama kipindi cha redio kilichorekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha mazungumzo, hula kama MB 30. Simu ya sauti ya WhatsApp nayo iko hapo hapo, karibu MB 30 kwa saa. Ujumbe wa sauti wa dakika tano haufiki hata MB 2.

Weka bei juu ya hizo namba. Kifurushi cha Safaricom cha GB 1 kwa saa 24 kimejulikana kwa shilingi 99. Kile cha GB 1 kwa saa moja kimekuwa kikiuzwa karibu 20. Ofa hubadilika na kila laini hupewa zake, kwa hiyo piga *544# uangalie za kwako. Kwa bei ya 99, saa moja ya video ya 360p inakugharimu kama shilingi 30, na saa moja ya sauti shilingi 3. Anayetazama saa moja kila siku atatumia karibu GB 9 kwa mwezi, yaani shilingi 890 hivi. Anayesikiliza saa moja kila siku hatafika 100.

Lakini kifurushi cha saa moja ndicho chenye siri. Watu hukinunua wakatazama somo, saa ikaisha wakiwa wametumia robo, iliyobaki ikapotea. Kinunue ili upakue, usitazame humo. GB 1 inabeba masomo ya zaidi ya saa tatu katika ubora wa 360p. Ukipakua mara moja kwa wiki, mara nne kwa mwezi, umetumia kama shilingi 80 na una saa 13 za masomo kwenye simu, za kurudia utakavyo hata stima zikipotea mtaa mzima. Ila fanya hivyo alfajiri au usiku mkubwa; jioni mtandao huzubaa kila mtu akiwa kwenye TikTok, nayo saa yako inakwenda.

Njia nyingine ni waifai ya mtaa, zile antena ndogo zinazofungwa juu ya paa la duka, unalipa kumi bob na kupewa namba ya siri.

"Omera, hii ya kumi inanifikisha saa ngapi?"

"Masaa matatu, mathe. Lakini usishike ukiwa kwa nyumba, kaa hapa karibu na duka."

Huo ndio mkataba wote, na ni mzuri kwa anayekaa karibu. Kumi kila siku ni 300 kwa mwezi. Ukiwa mbali na antena umelipia ishara inayokuja na kupotea. Ninaipendekeza kwa kupakua tu, wala si kwa darasa la moja kwa moja ambapo mwalimu anakusubiri. Anayeweza kufika katikati ya mji ana maktaba ya umma, ambako faida kubwa ni utulivu. Chumba kimoja cha Nyalenda chenye watu sita hakina kona ya kutamkia Kijerumani.

Na kuhusu Okoa Jahazi: inakata asilimia 10. Ukiizoea kwa kununulia bando la masomo, kila shilingi 100 ya mkopo unapokea 90. Kidogo kidogo, lakini kwa mwaka ni saa kadhaa za mwalimu.

Tuje kwenye programu zenyewe. Anayetaka Kijerumani ana bahati kuliko wote, kwa sababu Wajerumani wenyewe wamekwisha kulipa. Deutsche Welle inatoa Nicos Weg, kozi ya filamu fupi fupi kuanzia A1 hadi B1, bila malipo. Pia inatoa taarifa ya habari inayosomwa polepole, ya kupakua kama sauti. Mtandao wa vyuo vya watu wazima wa Ujerumani una vhs-Lernportal, bure vilevile hadi B2, na jambo lililonivutia humo ni kwamba mazoezi ya kuandika husahihishwa na wakufunzi, watu wa kweli. Kwa hiyo kabla ya kulipa maelfu kwa darasa la A1, jiulize darasa hilo linakuongezea nini juu ya hivi viwili. Likikuongezea mazungumzo ya ana kwa ana katika kundi dogo, lipa. Likikuongezea makaratasi ya fotokopi na cheti chenye muhuri wake lenyewe, usilipe.

Duolingo ni nzuri kwa kuanzisha mazoea na kwa maneno ya mwanzo. Toleo la bure lina matangazo na hukuwekea kikomo cha mazoezi, na hilo la kikomo linaudhi kwa sababu anayeanza ndiye anayehitaji mazoezi mengi. Toleo la kulipia huanza kwa majaribio ya bure, na majaribio yakiisha hukata pesa lenyewe. Ukiwa umeunganisha M-Pesa na duka la programu, ondoa usajili siku ile ile ulipoanza majaribio. Muda wako wa bure utaendelea hadi mwisho wake. Mimi singelipia. Nasema hivyo kwa mwanafunzi mwenye bajeti ya Nyalenda. Mwenye mshahara wa Milimani afanye apendavyo.

Kwa Kiingereza, BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council ni za bure na zimesheheni. Kiarabu ni kigumu zaidi kwa mnunuzi, kwa sababu programu nyingi hufundisha Kiarabu sanifu cha vitabuni na habari, wakati mwajiri wa Riyadh au Doha atakusemesha Kiarabu cha nyumbani kwake. Hapo dada aliyefanya kazi huko miaka minne akarudi Nyalenda anajua zaidi ya programu yoyote. Mwombe akufundishe, umlipe, na umuulize na mengine ambayo hayamo kwenye kozi.

Dholuo ndiyo iliyoachwa nyuma. Duolingo haina kozi yake, ingawa Kiswahili imekuwa nacho tangu 2017. Google Translate iliiongeza lugha hii Juni 2024, pamoja na nyingine zaidi ya mia moja kwa mpigo. Huko Maseno, mwendo mfupi kutoka hapa, watafiti wa chuo kikuu, wakiwemo Lilian Wanzare na Florence Indede, walishirikiana na wenzao wa Nairobi kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya katika hazina iitwayo Kencorpus, ili mashine ziwe na cha kujifunzia. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini mzazi asidhani mashine imefika. Dholuo hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na ina irabu nyingi kuliko zile tano tunazoandika. Mambo hayo mawili hayaonekani kwenye maandishi ambayo mashine imelishwa. Itumie kutafuta maana ya neno. Usiitumie kumfundisha mtoto kutamka.

Kwa mtoto huyo, ningetumia pesa hivi. Kwanza hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide ulioanza 2014 na ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zake za mwanzo; zimo za Dholuo, zimo za Kiswahili, zina picha, zinapakuliwa bure na kusomwa bila bando. Pili, Ramogi FM ikiwa imefunguliwa jikoni. Mtoto atajifanya hasikii, kumbe anasikia. Tatu, na hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, nyanya. Mwombe nyanya wa ushago, kwa simu ya jirani ikibidi, atume ujumbe wa sauti wa dakika tano kila Jumamosi: sigana moja, yaani hadithi, na swali moja mwishoni. Mtoto ajibu kwa sauti, nyanya amsahihishe. Kwa MB 2 kwenda na kurudi, hakuna kozi duniani iliyo rahisi namna hiyo yenye mwalimu wa daraja hilo. Ukimtumia nyanya hamsini ya sukari kila mara, bado ni 200 kwa mwezi, na hiyo si ada, ni adabu.

Kiswahili cha shule kina mengi ya bure pia: Ubongo Kids na Akili and Me kutoka Dar es Salaam, na maktaba ya mtandaoni ya taasisi ya mitaala, KICD. Angalizo langu ni moja tu: mtoto akitazama katuni peke yake anaburudika, akitazama na dada yake anayemuuliza "huyo amesema nini?" anajifunza.

Nimeitaja redio, na sitaki mtu aicheke. Kati ya 1980 na 1985 Kenya ilifanya jaribio lililokuja kujulikana dunia nzima, la kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za msingi: nusu saa kila siku, sauti inauliza, darasa zima linajibu kwa pamoja, sauti inathibitisha. Waliosomeshwa hivyo waliwazidi wenzao kwa kusikiliza na kusoma. Kilichofanya kazi hakikuwa kisanduku chenyewe, bali lile pengo lililoachwa kwenye kipindi ili mtoto ajibu. Leo redio ndogo ya betri au simu ya kabambe yenye redio haina bando wala matangazo ya kukatiza, na hapa Kisumu mawimbi yamejaa: Dholuo ya Ramogi, Kiswahili cha Radio Citizen na cha KBC, na Radio Lake Victoria iliyoanzishwa na watu wa mazingira wa OSIENALA. Kwa mtu asiye na simu ya kupangusa, hii ndiyo njia pekee ya kusikia lugha saa nyingi kila siku bila kutoa hata senti baada ya kununua kifaa. Kasoro yake ni kwamba haikusikii wewe.

Kinachokusikia, siku hizi, ni programu za akili bandia. Matoleo ya bure ya ChatGPT na Gemini huzungumza na kujibu, na Meta AI imo ndani ya WhatsApp unayoitumia tayari. Kwa Kijerumani na Kiingereza ninayakubali. Iambie programu: nisahihishe kila sentensi, nieleze kosa kwa Kiswahili, kisha niulize swali jingine. Haichoki, haikucheki, na hiyo ya kutokucheka ni kubwa kwa mtu mzima anayeanza. Kwa Kiswahili hupatia mara nyingi lakini husikika kama hotuba. Kwa Dholuo hukosea huku ikijiamini, na kwa anayejifunza hilo ni baya kuliko kunyamaza.

Toleo la kulipia la ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni 2,580, kabla ya kodi. Linganisha. Tuseme umepatana na mwanafunzi wa chuo anayesomea Kijerumani akufundishe kwa 200 kwa saa. Hizo 2,580 zinanunua karibu saa 13 za mtu aliyekaa mbele yako, anayeona mdomo wako unavyokataa kutamka. Mkiwa watano mkagawana, kila mmoja anatoa 40 kwa saa. Saa mbili kwa wiki ni 320 kwa mwezi kwa kila mtu. Pesa za mwezi mmoja wa mashine zinakulipia miezi minane ya mwalimu wa kikundi. Toleo la bure la mashine linabaki kuwa mazoezi yako ya usiku.

Na unahitaji saa ngapi? Goethe-Institut hukadiria kwamba kufika B1 huchukua kati ya vipindi 350 na 650 vya dakika 45, na B2 kati ya 600 na 800. Ukifanya vipindi viwili kila siku bila kuruka, B1 itakuchukua kati ya nusu mwaka na karibu mwaka mzima. Kwa hiyo tangazo la nguzoni linaloahidi B2 kwa miezi mitatu linakudanganya, au limekusudiwa mtu asiye na kazi, asiye na mtoto na asiye na usingizi. Wenye kuuza kozi pamoja na viza katika kifurushi kimoja waogope zaidi: jina la wakala lazima liwe kwenye orodha ya National Employment Authority, na ukilikosa huko rudi nyumbani na pesa zako.

Mtihani ndio gharama ambayo karibu kila mtu niliyezungumza naye aliisahau kwenye hesabu yake. Mtihani wa Goethe wa B1 na B2 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu unatakiwa upate asilimia 60. Habari njema ni kwamba sehemu hizo zinaweza kufanywa moja moja, kwa hiyo aliyeanguka kuzungumza halipii tena zile alizopita. Aliyesoma kwa simu peke yake yumo hatarini kuanguka hapo kwenye kuzungumza. Jumlisha na nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, na mahali pa kulala.

Kwa Kiingereza kuna mtego mwingine. Duolingo English Test imekuwa karibu dola 70, yaani kama shilingi 9,000, na unaufanya ukiwa nyumbani kwa kompyuta yenye kamera. IELTS ni ghali mara kadhaa zaidi ya hapo. Utafikiri chaguo liko wazi. Lakini baraza la wauguzi la Uingereza hupokea IELTS au OET tu, na Duolingo halikubali. Muuguzi atakayechagua ule wa rahisi atalipa mara mbili. Vyuo vikuu vingi vya ng'ambo, kwa upande mwingine, huukubali mtihani wa Duolingo, na hapo kulipia IELTS kunakuwa ni kutupa pesa. Uliza kwanza unakokwenda, kwa barua pepe, uwe na jibu la maandishi, kisha ndipo uchague mtihani, na baada ya mtihani ndipo uchague kozi. Watu wengi huanzia upande wa kozi.

Basi kwa mwenye simu tayari na shilingi 1,000 kwa mwezi za kujifunza Kijerumani, hukumu yangu ni hii. Bando la kupakua mara nne, 80. Kikundi cha watu watano na mwalimu wa saa mbili kwa wiki, 320. Programu, sifuri. Akili bandia, sifuri. Zilizobaki 600 usizile wala usizinunulie toleo la dhahabu la kitu chochote. Ziweke kando mpaka tarehe ya mtihani ijulikane. Kwa mwaka zinafika 7,200. Hazitamaliza ada yote ya B1 na nauli, lakini zitakufikisha mahali ambapo kuomba harambee ndogo ya familia hakutakutia haya.

Na kama huna hiyo elfu moja, tafuta wanne wanaotaka lugha unayoitaka kabla hujatafuta programu. Mnaweza kuanza Jumapili hii baada ya kanisa, kwa simu moja na masomo yaliyokwisha kupakuliwa.